Jogoo Awike Asiwike: Kupima Faida Halisi ya Matangazo ya Mtandaoni kwa Mchuuzi wa Jilore

Muuza kahawa wa miji ya pwani hana haja ya kupima faida ya tangazo lake. Anapopita vichochoroni akigonganisha vikombe, mlio ule ndio tangazo, nao haumgharimu ila nguvu za mkono. Atakayeusikia akatoka kibarazani na kuita, muuzaji anamwona kwa macho. Asiyetoka hajamtia hasara yoyote. Lugha nayo imehifadhi kumbukumbu ya ufundi huo katika maneno kama kunadi, mnadi, mnada na mbiu. Katika shughuli zote hizo mwenye mali, sauti yake na mnunuzi wake wamo katika mtaa mmoja.

Tangazo la mtandaoni limeuvunja umoja huo. Mwenye mali aweza kuwa Jilore, bara kidogo kutoka Malindi. Sauti yake ameikodi kutoka kwa kampuni iliyoko California. Mnunuzi yuko Nairobi, nyuma ya simu ambayo muuzaji hataiona kamwe. Na anayeleta habari kwamba sauti ile imeuza ni yule yule aliyeikodisha. Makala hii inakusudia kueleza jinsi muuzaji aliye katika hali hiyo anavyoweza kujua kama fedha anazolipia matangazo zinamletea faida ya kweli, au zinamletea mauzo tu huku faida ikiyoyoma.

Yamkini msomaji atauliza suala hili lina uhusiano gani na mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba chanzo cha hasara nyingi katika biashara hii ni mkanganyiko wa maneno. Mauzo, mapato, matokeo na faida ni maneno manne yenye maana nne, lakini katika taarifa ambazo muuzaji huletewa kwenye simu yake hutumika kana kwamba ni visawe.

Wahenga na mgogoro wa tangazo

Kiswahili kina kauli mbili kuhusu tangazo, nazo zinapingana. Ya kale inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya kisasa, inayosikika katika redio na kusomwa kwenye kuta za maduka, inasema biashara ni matangazo. Aghalabu walimu huzitumia kauli hizi kuonyesha jinsi semi zinavyokinzana, kisha somo likaishia hapo. Hata hivyo, zikitazamwa kwa jicho la mfanyabiashara, kauli hizi ni majibu mawili kwa swali moja: katika vitu vilivyouzwa, ni vingapi ambavyo vingejiuza vyenyewe, na ni vingapi vilivyouzwa kwa sababu vilitembezwa? Swali hilo halijibiwi kwa hekima ya jumla. Jibu lake hubadilika kwa kila bidhaa, kila mji na kila msimu, na namna ya kulitafuta imo katika usemi wa tatu: mali bila daftari hupotea bila habari.

Asali ya Jilore

Jilore ni wadi katika eneo la Malindi, Kaunti ya Kilifi. Upande mmoja inapakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Upande mwingine kuna mto Sabaki, ule ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, pamoja na Ziwa Jilore linalopokea maji yake. Wakazi wengi ni Wagiriama, wakulima na wafugaji. Jamii zinazopakana na msitu huo zimetafutiwa kwa miaka mingi njia za kupata riziki bila kukata miti, na miongoni mwazo ni ufugaji wa nyuki na ufugaji wa vipepeo.

Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 na wenye makao yake Gede, ni mfano unaofaa kutangulizwa. Vipepeo wangali katika maganda yao husafirishwa hadi kwenye bustani za maonyesho za Ulaya na Marekani. Wanunuzi wa bidhaa ya namna hiyo ni wachache na wanajulikana, kwa hiyo barua moja kwa kila bustani yatosha kuwa tangazo. Asali haina bahati hiyo. Mnunuzi wa asali ni mtu yeyote, naye yuko popote, na ndiyo maana muuzaji wake hushawishika upesi kulipia tangazo la mtandaoni.

Mfano wa kubuni utasaidia kufafanua. Kuna mwanamke kijana wa Jilore anayenunua asali kwa wafuga nyuki wa jirani na kuiuza kwa Facebook na WhatsApp. Chupa ya kilo moja anaiuza shilingi 1,000, malipo yakiingia kwa nambari yake ya tili ya M-Pesa. Kati ya shilingi hizo, 500 ni za mfuga nyuki. Chupa na lebo ni 60, boksi na karatasi za kufungia ni 40, sehemu ya nauli ya bodaboda hadi Malindi ni 40, kifurushi kwa basi hadi Nairobi ni 150, na ada za malipo ni 10. Jumla ni shilingi 800. Zinazobaki ni 200, na kwa wepesi wa hesabu ichukuliwe kwamba ni hivyo kwa kila chupa.

Mwezi huo amelipia matangazo ya shilingi 6,000. Mwisho wa mwezi simu yake inampa habari za kufurahisha: matangazo yameleta oda 40, mauzo ya shilingi 40,000. Kwa kila shilingi aliyotoa amerudishiwa shilingi sita na senti sitini na saba. Mtu gani hangefurahi? Kinachofuata, kama inavyokuwa mara nyingi, ni kuongeza bajeti, na kama fedha hazipo, kukopa kwa Fuliza ili tangazo lisisimame.

Hapa ndipo daftari linapohitajika. Kwanza, shilingi 40,000 ni mauzo. Faida iliyomo katika chupa 40, kabla ya kutoa gharama ya tangazo, ni shilingi 8,000 tu. Pili, gharama ya tangazo si 6,000. Kodi ya VAT ya asilimia 16 inaifikisha 6,960. Tatu, wateja wawili walioagiza walikataa kupokea vifurushi vyao vilipofika Nairobi. Chupa zilirudi salama, lakini nauli ya basi ya kwenda na kurudi, shilingi 300 kwa kila moja, ilikwisha kulipwa. Zilizouzwa kweli ni chupa 38, na faida yake ni shilingi 7,600. Zikitolewa 600 za vifurushi vilivyorudi, zinabaki 7,000. Ikitolewa gharama ya tangazo, zinabaki shilingi 40.

Shilingi arubaini kwa mwezi mzima wa kazi! Na hesabu hii haijagusa bando za intaneti, wala saa ambazo muuzaji alikesha akijibu maswali ya watu waliouliza bei kisha wakanyamaza. Wauzaji wadogo wana desturi ya kutoihesabu kazi yao wenyewe kuwa ni gharama, jambo linalozifanya biashara nyingi zionekane hai ilhali zinapumua kwa jasho la bure la mwenyewe.

Kutokana na hesabu hii hupatikana kipimo ambacho kila muuzaji anapaswa kukijua kabla ya kulipa senti ya kwanza. Ikiwa katika kila shilingi 1,000 za mauzo hubaki 200, yaani moja ya tano, basi shilingi moja ya tangazo haina budi kuleta mauzo ya shilingi tano ili irudi yenyewe. Ikiongezwa kodi, mauzo hayo yawe shilingi tano na senti themanini. Chini ya hapo ni hasara, hata kama taarifa ya simu imepakwa rangi ya kijani. Muuzaji wa mashuka anayebakiwa na nusu ya bei atahitaji mauzo ya shilingi mbili na senti thelathini na mbili tu. Kwa hiyo mtu anayejigamba kwamba tangazo lake "limerudisha mara nne" hajasema lolote mpaka aseme anauza nini na anabakiwa na kiasi gani.

Sifa za jogoo

Hadi sasa daftari limekubali dai moja bila kulihoji, nalo ni kwamba oda zile 40 zililetwa na tangazo. Dai hili ndilo gumu kuliko yote.

Waswahili husema, jogoo awike asiwike kutakucha. Mtu angekabidhi jogoo kalamu aandike taarifa ya mwezi, taarifa hiyo ingeonyesha kwamba aliwika mara 30 na kukacha mara 30. Ufanisi wa asilimia 100. Takwimu hizo zingekuwa kweli tupu, na bado zisingethibitisha kwamba jogoo ndiye aliyeleta asubuhi. Mitambo ya matangazo huhesabu kwa mtindo huo. Mtu akiliona au kulibofya tangazo, kisha akanunua katika muda uliowekwa, mauzo hayo huandikwa kwa jina la tangazo. Haiulizwi kama mtu huyo alikuwa mteja wa siku nyingi, au kama shangazi yake alimwelekeza, au kama alikuwa anatafuta nambari ya muuzaji na tangazo likamtangulia njiani.

Na kuna sababu ya jambo hili kutokea mara nyingi. Mitambo hiyo imeundwa kuwatafuta watu wanaoelekea kununua. Anayeelekea zaidi kununua asali ya Jilore ni yule aliyekwisha kuinunua. Kwa hiyo mtambo, ukifanya kazi yake barabara, utampelekea tangazo mtu ambaye hakulihitaji, kisha utamtoza muuzaji kwa hilo. Hakuna udanganyifu wowote hapa. Ni swali lisilofaa lililojibiwa kwa ustadi mkubwa.

Katika mfano huu, daftari la muuzaji linaonyesha kwamba miezi mitatu kabla ya kulipia matangazo alikuwa akiuza wastani wa chupa 25 kwa mwezi. Mwezi wa matangazo aliuza chupa 50: zile 38 na nyingine 12 ambazo mtambo haukuzidai. Ongezeko ni chupa 25. Chupa 13 kati ya zile 38, basi, zingejiuza zenyewe. Faida ya chupa 25 ni shilingi 5,000. Zikitolewa 600 za vifurushi vilivyorudi na 6,960 za tangazo, shilingi 40 za faida zinageuka kuwa hasara ya shilingi 2,560. Hizo ni zaidi ya malipo ya mfuga nyuki kwa chupa tano. Muuzaji akiongeza bajeti maradufu kwa mkopo, akiamini taarifa ya simu, atamaliza mtaji wa asali huku akipongezwa kila wiki.

Yaliyowapata wakubwa

Asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya wachuuzi wasio na elimu ya uhasibu. Kampuni ya eBay ya Marekani ilikuwa ikilipa fedha nyingi ili jina lake litokee juu kabisa mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Mwaka 2012 watafiti wake walijaribu kuyazima baadhi ya matangazo. Waliyasimamisha yale yaliyotokea pale mtu alipoandika neno "eBay" lenyewe, katika mitambo ya Yahoo na ya Microsoft. Karibu wote waliokuwa wakipitia tangazo, asilimia 99.5, walifika eBay vilevile kwa kubofya kiungo cha kawaida kilichokuwa chini yake, kisicholipiwa. Baadaye walizima matangazo ya maneno mengine katika baadhi ya maeneo ya Marekani na kuyaacha katika maeneo mengine, wakalinganisha mauzo. Matokeo yalichapishwa na Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis mwaka 2015. Tangazo lilikuwa na athari kwa wateja wapya na kwa wale wanaonunua kwa nadra. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ikienda kwa wateja wa kila mara ambao wangenunua vyovyote vile, hivyo kwa jumla tangazo lilitia hasara.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni inayojulikana sana Kenya, iliingia katika soko la hisa la New York mwezi Aprili mwaka 2019, na Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Kwa miaka kadhaa ilikuza mauzo kwa matangazo na punguzo za bei huku hasara ikiandamana nayo. Uongozi ulipobadilishwa mwishoni mwa mwaka 2022, miongoni mwa hatua za mwanzo ilikuwa kupunguza sana matumizi ya matangazo. Duka linalofungwa linaweza kuwa na wateja wengi vilevile. Tatizo huwa ni gharama ya kuwaleta mlangoni.

Kuzima na kuwasha

Funzo la eBay laweza kuhamishiwa Jilore bila mtafiti hata mmoja. Kulinganisha mwezi na mwezi, kama ilivyofanywa hapo juu, ni afadhali kuliko kuamini taarifa ya mtambo, lakini kuna hitilafu. Je, kama mwezi wa matangazo ulikuwa Desemba, wageni wanapojaa Malindi na Watamu? Au kama ulikuwa mwezi wa baridi Nairobi, watu wanapotafuta asali ya kutilia chai na kutuliza kikohozi? Jogoo wa pili atakuwa amewika, na sifa zitampata wa kwanza.

Njia iliyo bora ni kugawanya mahali. Matangazo yaonekane Nairobi tu kwa wiki nne, Mombasa yasionekane, na oda za kila mji ziandikwe kando. Kisha yageuzwe: Mombasa yawashwe, Nairobi yazimwe. Msimu ukipandisha mauzo, utayapandisha pande zote mbili. Kinachozidi katika mji uliowashwa, kila unapowashwa, ndicho kilicholetwa na tangazo. Muuzaji asiyeweza kugawanya miji na awashe wiki moja, azime wiki inayofuata, kwa wiki nane au zaidi, wala asibadilishe bei katikati.

Ni lazima kukiri kwamba idadi ndogo hudanganya. Mtu mmoja akinunua chupa kumi za harusi, wiki nzima itaonekana ya baraka. Randall Lewis na Justin Rao, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2015 kuhusu majaribio 25 makubwa ya matangazo, walionyesha kwamba hata kampuni zinazofikia mamilioni ya watu hupata taabu kuipima faida ya tangazo kwa uhakika, kwa sababu ununuzi wa watu hupanda na kushuka kwa sababu nyingi mno. Mchuuzi wa chupa 50 hawezi kutarajia yakini. Anachoweza kukipata ni kinga dhidi ya kosa kubwa, na kosa kubwa ni lile la kukopa ili kuendeleza kitu kinachomla.

Tangazo si adui

Ingekuwa dhuluma kumaliza hesabu mwezi ule ule tangazo lilipolipwa. Kati ya chupa 25 za ziada, tuseme kumi zilikwenda kwa watu wapya ambao walirudi kununua mara mbili zaidi katika miezi sita iliyofuata, bila kuonyeshwa tangazo. Hizo ni chupa 20, faida ya shilingi 4,000. Ile hasara ya 2,560 inageuka kuwa faida ya 1,440. Hili ndilo linaloyatofautisha matangazo ya asali, inayokwisha na kununuliwa tena, na matangazo ya kitanda cha mvule, kinachonunuliwa mara moja na kurithiwa. Lakini mbona wengi huitumia hoja ya "wateja watarudi" kama kisingizio? Kurudi kwa mteja ni jambo la kuandikwa linapotokea, kwa jina na tarehe. Likidhaniwa tu, halina tofauti na ndoto ya mchana.

Kuna mpaka mwingine ambao matangazo hayauvuki. Nyuki hawasomi Facebook. Mavuno ya asali hufuata maua, na maua hufuata masika na vuli. Msitu ukikauka, mizinga huwa mitupu hata oda zikimiminika. Muuzaji anayelipia tangazo wakati hana akiba ya asali ananunua malalamiko, na baadhi yao huishia kununua asali isiyojulikana ilikotoka ili kutimiza ahadi. Hapo hasara haikai tena katika daftari lake peke yake. Jina la Jilore lililo kwenye lebo ni mali ya wafuga nyuki wote wa huko.

Daftari lenyewe halihitaji kuwa gumu. Safu saba zatosha: tarehe, jina la mteja, mji, idadi ya chupa, kilichobaki baada ya gharama, kama ni mgeni au amerudi, na alivyoijua asali. Safu sita za mwanzo hujazwa kutoka kwa ujumbe wa M-Pesa na risiti ya basi. Ya saba ndiyo ambayo aghalabu huachwa wazi, kwa kuwa muuzaji huona haya kumhoji mtu aliyekwisha kulipa. Tangu mwaka 2021, kampuni ya Apple ilipoanza kuzitaka programu ziombe idhini ya mtumiaji kabla ya kumfuatilia, mitambo ya matangazo yenyewe imekuwa ikikisia zaidi kuliko zamani ni nani aliyenunua kwa sababu ya nini. Swali la mdomo limepanda thamani. Huandikwa kwa mstari mmoja wa WhatsApp kabla kifurushi hakijapakiwa basini Malindi: "Ahsante dada, mzigo wako unaondoka jioni hii. Samahani, asali yetu uliisikia kwa nani?"